Kamera Juu ya Kabati

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, na wanaokaa nami mezani wanajua sisemi kwa kujaza mdomo. Nimeuza makala ya kupikia kwa kikopo kwenye njia za Kenya, ile kata ya hapa Lubumbashi, kabla sijaota ndevu. Nimelala juu ya magunia ya samaki, mvua ikinipiga, kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula, mpaka mjini. Nimeibiwa na rafiki, nimefungwa kwa kosa la mwingine, nimefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga mke wangu akiwa na mimba ya kwanza. Shule niliiachia darasa la nne, na leo watu wenye diploma husimama mlangoni mwangu asubuhi kuniomba kazi. Nina vyumba vya baridi vitatu na malori mawili, na lupangu yangu, kiwanja cha nyumba, huko Naviundu, ina ukuta mrefu kiasi kwamba wageni huuliza kama ni gereza. Kila tofali la ukuta ule nililipa mimi. Mjomba hakunisaidia, wala mzungu, wala chama.

Basi sikia kilichonishangaza.

Mke wangu alikuwa mwanamke wa kujitengeneza. Hata kwenda kununua nyanya barabarani hakutoka bila kufunga kichwa vizuri, na kitenge kimelingana na blauzi. Siku ya Yesu Kufufuka na siku ya Jumanne kwake zilikuwa sawa. Aliimba kwaya, sauti ya pili, na mimi ambaye sijui muziki nilikuwa nikiitafuta sauti ile katikati ya nyingine zote na kuishika, kama unavyoshika mkono wa mtu sokoni asipotee.

Ugonjwa ulimwingia kwenye ziwa, kifuani. Walimkata, kisha dawa zikachukua nywele, halafu nyusi. Kidonda hakikutaka kufunga. Tuliojua tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wake. Kanisani alisema ni mgongo na tension ya damu. Nilipomwambia kwamba watu wangemwombea, alinitazama kama mtoto aliyesema neno la kipumbavu.

“Wataniombea, halafu?” aliniuliza. “Batasema nini juu yako? Batasema ule muntu wa samaki ameuzisha bibi yake ili afungue chumba ya baridi ingine. Unaijua Lubumbashi.”

Ninaijua. Hapa mtu akitajirika bila shule, na nyumbani kwake kuna mgonjwa, hesabu inafanywa haraka: amemtoa kafara. Kwa hiyo alikuwa akijificha kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia. Nilielewa hilo siku ileile na sikumwambia asante. Mume wa umri wangu hajui kusema asante kwa mambo kama hayo.

Shida ilikuwa Kasenga. Samaki wa Luapula hawangojei mgonjwa apone. Usipokuwepo mwenyewe kwenye ukingo mitumbwi inapofika, makobo, samaki wenye bei, wanakwenda kwa mwingine na wewe unabaki na wale wa kulainika. Watoto wetu wameoa na kuolewa mbali. Mdogo wake alikuja kila asubuhi kumwosha na kumpikia, kisha alirudi Kenya kwa familia yake. Nilitaka kuajiri mwanamke wa kukaa naye. Akakataa, kwa kuwa mwanamke wa kuajiriwa ana kinywa na ana jirani.

Hapo nikafikiria kamera.

Kuna fundi mmoja huko Kenya, mtu mzima, mwenye duka la telefone na paneli za jua. Nusu ya wafanyabiashara ninaowajua walimpitia yeye. Nilimwambia anipe ile ya bei kubwa kuliko zote, maana mimi sinunui kitu cha katikati. Akanipa kitu cheupe, cha mviringo, kinachogeuza kichwa. Kinasikia, kinahifadhi kinachokiona, na ukitaka kinasema kwa sauti yako. Kina akili ndani, fundi alisema. Kinatofautisha mtu na paka, na mtu akianguka chini, telefone yako inapiga kelele popote ulipo. Alichukua telefone yangu akaanza kubofya. Ilimwomba anwani ya barua za mtandao, akaniuliza kama ninayo. Sina. Nani anayo? Akasema si neno, ataweka yake. Kila ukurasa ulipotokea na maandishi mengi na kuuliza kama tunakubali, alikubali.

“Mukubwa, hapa tunaitika tu,” alisema. “Ukisoma, haifunguke.”

Nilicheka. Hata ingefunguka, nisingesoma.

Mke wangu aliiangalia kwa muda mrefu nilipoiweka juu ya kabati, mbele ya kitanda. Alikuwa ameketi na kitambaa kichwani, hata mimi tu nikiwa chumbani.

“Nani ataniona?”

“Miye peke yangu.”

“Apa.”

Nikaapa kwa jina la mama yangu, ambaye mke wangu alimpenda. Akainua mabega, akalala.

Sitaki kusema uongo: mwanzoni kilikuwa kitu kitamu. Barabara ya Kasenga ina mahali pachache ambapo koneksio ya mtandao inafika, na mimi nilipajua pote. Nilimwambia dereva asimame, nikashuka, nikafungua telefone, na mke wangu alikuwa pale kwenye kiganja changu, anakunja nguo au anakwaruza viazi kitandani. Nilimwuliza kama amekunywa dawa. Alijibu bila kugeuza kichwa, “Acha kunichunga sawa mbuzi.” Siku nyingine aliijua saa ya kupita kwangu, akaimba kidogo sauti yake ya pili, bila zile nyingine, ili nisikie ilivyo peke yake. Dereva alidhani ninaongea na mtu wa biashara.

Kwenye telefone, chini ya picha ya chumba chetu, kulikuwa na nyingine. Duka la mafuta ya kujipaka na nywele za bandia. Ua lenye jenereta. Varanda moja ambapo bibi mzee huchambua maharage. Sikujua ni za nani. Nilifikiri ni zawadi ya kampuni, kama vile redio inavyokupa matangazo. Nilikuwa nikiangalia lile duka na kucheka jinsi mwenye nalo alivyohesabu pesa akilamba kidole. Nikamwonyesha mke wangu siku moja, acheke naye.

Hakucheka. “Na bale, beko banatuona?”

“Hii yetu ni ya bei,” nikamwambia. “Haionekane ovyo.”

Nilisema kwa ile sauti ninayouzia samaki. Ni sauti nzuri, imenijengea nyumba. Mteja akiniuliza kama samaki ni wa leo, sauti ile inajibu kabla sijafikiri. Nayo ndiyo iliyomjibu mke wangu. Niliwaona watu ndani ya nyumba zao, nikacheka, na haikunijia hata kidogo kwamba njia ninayopita kwenda kwao ndiyo njia wanayopita kuja kwangu. Mtu aliyejenga ukuta kama wangu hafikirii hivyo.

Mke wangu alianguka saa tano asubuhi. Mimi nilikuwa ukingoni, ninabishana na mwenye mtumbwi, na pale koneksio haipo kabisa. Telefone yangu haikupiga kelele yoyote.

Iliyopiga kelele ni ya mama mmoja mwenye duka la mafuta ya kujipaka, huko Kenya. Ilimwandikia kwamba mtu ameanguka. Yeye ana mama yake mzee nyumbani, na fundi yuleyule alimwekea kamera kwenye varanda ili amwangalie. Akaacha duka wazi, akakimbia mpaka kwake, akamkuta bibi ameketi na maharage yake, mzima, anashangaa mtoto wake anahema. Ndipo akafungua telefone vizuri. Akaona chumba asichokijua. Chini, kando ya kitanda, palikuwa na mtu asiye na nywele, nguo imemfunguka, bandeji imetoka kifuani, na damu.

Hakumtambua. Haya yote alinieleza mwenyewe baadaye, akilia. Anasema mtu yule alikuwa kama mzee mwanamume. Kisha mtu yule akamwita Mungu, na sauti ikamfika moyoni, kwa sababu mama huyu pia ni wa kwaya, sauti ya pili, na amesimama bega kwa bega na mke wangu miaka mingi.

Akachukua wamama wawili wa kwaya, wakapanda pikipiki, wakaja Naviundu. Sentineli, mlinzi wa lango langu, akawafungulia. Wakamwinua mke wangu, wakamwosha, wakamfunga kwa vitenge vyao wenyewe, wakampeleka hospitali. Daktari alisema kama angebaki chini mpaka jioni, nisingemkuta. Kwa hiyo waliyafanya yote yaliyotakiwa kufanywa, na mimi sikuwepo. Nilimpelekea kila mmoja samaki wa kuuza, si wa kula tu, na kama wangeniomba zaidi ningetoa. Ninataka hilo lijulikane. Sina neno baya juu ya wamama wale.

Nilifika hospitali kesho yake, bado ninanuka Kasenga. Alikuwa amegeukia ukuta.

“Bale bamama balijua namna gani?” aliniuliza.

Nikasema sentineli alisikia akaita watu. Ile sauti tena.

“Sentineli hajaingia mu chumba yangu hata siku moja. Mama ya duka amenielezea. Anasema aliniona mu telefone yake.”

Nikaanza kusema juu ya fundi, nitakavyomfanya, nitakavyomfunga.

“Hapana fundi,” alisema. “Fundi hakuniapia. Weye.”

Nikavuta kiti, nikaketi.

“Mudogo yangu akiniosha, namugeuzia mugongo,” aliendelea, polepole, bado ameelekea ukuta. “Weye ukiingia, nafunga kichwa. Sasa kwaya yote imeona kidonda yangu. Ingekuwa afazali baniache pale chini.”

“Usiseme vile.”

“Nimesema.”

Habari ilienda mjini kwa njia ya upendo, ndiyo sababu haikuweza kuzuiwa. Wamama walimwombea kwa jina, na kwa jina la ugonjwa, mbele ya kanisa lote. Kutoka kanisani ikaingia sokoni. Sokoni ikanigeukia mimi, kama alivyosema. Mwanamke mmoja aliyenunua samaki wangu tangu nikiwa na friji moja ya kukodi alituma mtu kuniambia kwamba sasa atanunua kwingine, na nisimuulize sababu. Hilo halikunishangaza. Nilishalipitia lingine kubwa.

Kwa fundi nilikwenda na nia ya kumpiga. Alikuwa anauza waya kwa mteja. Alipoona uso wangu alimwambia mteja arudi baadaye. Nikamwamuru afungue telefone yake mwenyewe, akafungua. Zilikuwa nyumba za watu, moja chini ya nyingine, unazisogeza kwa kidole na haziishi. Jiko lenye mtu anakoroga bukari, ugali wetu. Mlango wa ofisi. Mtoto amelala chini ya chandarua. Na chumba changu, kitanda kimetandikwa, kitambaa cha kichwa cha mke wangu kimening'inia kwenye kiti.

“Mukubwa, bantu banasahau kode ya kufungulia,” alisema. “Banarudia hapa kila siku, banalia, banasema nimebaibia. Njo maana naweka bote mu kompte moya, yangu. Nilibaambia bafiche zile zingine, kila muntu abakie na yake.”

Yaani kamera zote zilikuwa kwenye akaunti yake moja, na kila mteja aliweza kuona za wenzake. Mimi hakuniambia. Au aliniambia na mimi nilikuwa ninapokea simu. Aliapa hajawahi kuangalia chumba chetu, na baada ya muda nikamwamini, na kumwamini hakukunisaidia kitu. Kama angekuwa mwizi ningejua la kufanya. Wezi ninawajua tangu zamani. Huyu alikuwa mtu anayetaka kuwarahisishia wateja wake, kama mimi ninavyowakatia wangu vichwa vya samaki bila kuulizwa.

Niliing'oa kamera kwa mikono, na rangi ya kabati ikatoka nayo.

Lakini mke wangu hakurudi katika chumba kile. Alipotoka hospitali alikwenda kwa mdogo wake, Kenya, katika chumba kidogo nyuma ya nyumba, ambapo kelele za mashine za mafundi wa chuma zinaingia mpaka kitandani. Mimi mwenye nyumba ya vyumba vingi, mke wangu alilala pale. Mlangoni waliweka beseni la plastiki, na kila aliyeingia aliacha telefone ndani ya beseni. Muuguzi aliacha, pasta aliacha. Mimi niliacha zangu zote mbili, halafu nikageuza mifuko nje ili aone.

Alinipokea vizuri. Alinipa habari za majirani, alinicheka nilipopasua kiti chao kwa uzito wangu. Ila nilipoingia alikuwa akivuta kitenge na kujifunika, kichwa na uso, anabakiza pua na mdomo. Nilivumilia. Kisha siku moja nikamwambia kwamba ni mimi, hakuna mwingine humu, nimeuona uso huu ukiwa wa msichana.

“Najua ni weye,” alisema. “Lakini macho yako, sijui tena inafika wapi.”

Nimetukanwa na maofisa, nimetukanwa na wakwe. Hakuna aliyewahi kunisema hivyo. Na hakuwa na hasira, ndiyo mbaya. Alisema kama anavyosema mtu kwamba paa linavuja upande huu, tusogeze kitanda.

Kwa hiyo miezi ya mwisho ya mke wangu mimi sikuuona uso wake. Watu wengi mjini waliuona kabla yangu, uchi, bila nyusi, wakati hakujua anaonwa. Mimi nilikaa kando yake nikiangalia kitenge chenye maua ya manjano kikipanda na kushuka. Nilikuwa nimeacha Kasenga. Malori nilimpa msimamizi, akaiba kidogo, nikamwacha aibe.

Alipodhoofika sana alinishika mkono akaniambia kitu kimoja tu juu ya mambo yale.

“Ufute. Yote.”

“Hata ile unaimba?”

Alingoja mpaka mashine za nje zikanyamaza. “Yote, Papa.”

Matanga yalifanyika kwangu, Naviundu, na watu walijaa mpaka nje ya ukuta. Wamama wa kwaya waliimba, na yule mwenye duka alilia kuliko ndugu. Kwenye mikeka nilisikia watu wakinong'ona kuhusu vyumba vyangu vya baridi na kunyamaza nilipopita. Kaka yake mkubwa aliniuliza mbele ya wote ni mume gani anayemweka mke wake kwenye telefone za watu. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza. Nililipa yote yanayolipwa na mume aliyefiwa, bila kupunguza bei, na nikampa kaka yule kiti changu.

Baada ya kuondoa matanga, nilikwenda kwa fundi. Nilimwekea mezani dola mia mbili, nikamwambia afute kila kilichorekodiwa chumbani kwangu. Alizirudisha upande wangu.

“Haifanyike vile, Mukubwa. Abonema, ile malipo ya kila mwezi, ilikwisha. Benye kamera bamefunga kompte. Bitu biko kule, lakini siwezi kubifungua, na siwezi kubifuta.”

Nikamwuliza ina maana picha za mke wangu zimekaa ndani, na mimi mume nimefungiwa nje. Akasema ndiyo, mpaka abonema ilipwe. Kulipwa si mezani pale, ni kwa telefone, kwenda kwa watu wasiojulikana hapa. Nikalipa. Nikanunua na mega za mtandao za kufungulia.

Zilikuwa nyingi, kila moja na kipicha chake kidogo. Nilimwomba ageuze kioo nisione, maana yeye hakutaka nione. Akageuza. Lakini kidole chake kiligusa moja kwa bahati mbaya, na mke wangu akaongea dukani mle, kwa sauti ya mtu anayekunja nguo huku anawaza mengine.

“Papa, uko ku Kasenga? Usilete tena samaki. Leta sukari.”

Fundi aliacha mikono hewani. Nje mtu alikuwa anapatana bei ya chaja.

“Hii moya naweza kukuwekea mu telefone yako,” alisema kwa upole. “Haina picha, ni sauti tu.”

Nikamwomba aichezeshe tena, akaichezesha. Nikamwomba tena. Alipoichezesha mara nyingine nilikuwa nimeweka paji la uso juu ya meza yake, katikati ya waya, na sioni aibu kulisema. Nilikuwa ninajaribu kukumbuka kama siku ile nilileta sukari. Sikukumbuka.

“Futa,” nikamwambia.

“Na hii?”

“Na hiyo.”

Akabofya. Ikamwuliza kama ana hakika, akabofya tena. Nikamwuliza kama sasa imekwisha kweli. Akajikuna shingo. Akasema kwenye telefone imekwisha, na kwenye kompte imekwisha. Huko mbali, kwenye mashine za wenye kamera, yeye hajawahi kufika, hawezi kuniapia.

Nilimshukuru kwa kutoapa. Nikakusanya zile dola mia mbili, nikarudi nyumbani kwa miguu, mimi mwenye magari. Katika maisha yangu nimenunua malori, nimenunua ardhi, nimelipia watoto shule na ng'ambo, na hakuna bei niliyowahi kuijutia. Hiyo siku, kwa kufuta sauti ya mke wangu, abonema na mega pamoja, nililipa dola kumi na moja na franka elfu tatu mia tano.